Mguu Mmoja, au Yote Miwili?

Ukiishi jirani na mgodi, kila lisiloeleweka lina pa kutupiwa. Kikohozi ni vumbi, tumbo ni maji, na mtoto wa mbuzi akianza kutembea na mguu wa mbele uliopinda, jibu huwa limeshatoka kabla swali halijakwisha: ni madini. Huko Kakanda, mji mdogo wa shaba na kobalti katika ukanda wa Likasi, upande wa Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu hilo halikuzuka hivihivi. Watu wamelala na kuamka kando ya kiwanda cha kuchenjua mawe tangu enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2023 serikali ya Kinshasa ilisimamisha shughuli za Boss Mining, kampuni yenye kazi zake huko, kwa sababu ya uchafuzi wa mazingira. Mtu anayenywesha mifugo kwenye kijito kinachopita chini ya jaa la mabaki ya madini ana haki ya kuutilia shaka mguu wa mbuzi wake.

Kushuku ni haki yake. Kuthibitisha ni kazi nyingine. Na kazi hiyo huanzia mbali na mgodi, kwa maswali matatu yasiyohitaji maabara wala dola. Ni mguu mmoja uliopinda au yote miwili? Mnyama kazaliwa nao, au umepinda akikua? Na kama umepinda akikua, alikuwa na umri gani? Daktari wa mifugo yeyote aliyefundishwa vizuri huanzia hapo, awe amesomea Lubumbashi, Morogoro au Kabete. Mimi nashikilia kwamba hata kesi dhidi ya mgodi, siku ikifika, haitasimama bila majibu ya maswali haya, kwa sababu mguu wa mbele una njia nyingi za kupinda ambazo hazihusiani na shaba hata chembe.

Tuutazame mguu wenyewe. Mnyama wa miguu minne hubeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele. Kwa mbwa ni kiasi cha asilimia 60. Mfupa mchanga nao haurefuki kila mahali. Hurefuka kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha zake, ambalo mnyama akikomaa hugeuka mfupa na urefu ukakoma. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa, dhaifu hata kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Ndiyo maana ajali ambayo kwa mnyama mzima ingeishia kwenye kuteguka, kwa mchanga huenda moja kwa moja kuharibu pale mfupa unapokulia.

Kwa mbwa hadithi hii ina sura yake maalumu. Kati ya kiwiko na kifundo cha mguu wa mbele kuna mifupa miwili, radiasi na alna, na ni lazima ikue kwa mwendo mmoja. Alna hupata takriban asilimia 85 ya urefu wake kutoka kwenye tabaka la chini, juu kidogo ya kifundo. Tabaka hilo kwa mbwa lina umbo la pia iliyochomekwa ndani ya mfupa, hivyo pigo la ubavuni ambalo kwingine lingelitelezesha, hapa hulibana na kulisaga. Likifa, alna husimama kurefuka. Radiasi haina habari, inaendelea na safari yake. Hapo alna iliyosimama huwa uzi wa upinde, na radiasi huwa mti wake: inakunjika kwa mbele, kiganja kinageukia nje, na kiwiko kinachovutwa huku na huku huanza kuachana na kiungo chake.

Mwaka 1963 madaktari wawili wa Toronto, Robert Salter na W. Robert Harris, walipanga majeraha ya tabaka hili kwa watoto wa binadamu katika aina tano. Madaktari wa mifugo waliuazima mpangilio huo na hawajaurudisha mpaka leo. Aina ya tano ndiyo yenye hila. Tabaka limesagwa lakini hakuna kilichovunjika, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza huonyesha mfupa mzima. Mbwa wa miezi minne anagongwa na pikipiki ya manseba, yaani ya kubeba abiria, analia, anachechemea siku tatu, anapona. Miezi miwili baadaye mguu umepinda, na hakuna mtu nyumbani anayeikumbuka pikipiki. Ukiuliza, utaambiwa mbwa amelogwa, au amekunywa maji ya mgodi. Lakini mguu wa pili umenyooka vizuri. Sumu ya kijitoni haichagui mguu wa kushoto ikaacha wa kulia.

Mbuzi si mbwa. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe alna ni nyembamba na imeungana na radiasi, kwa hiyo mchezo wa uzi na upinde hauwapati sana. Wao wana adui yao, na anauzwa sokoni kwa mita: kamba.

Mvua zinapoanza kuelekea Novemba na kila kiwanja kina mahindi machanga, mbuzi hawezi kuachwa azurure, maana ugomvi wa majirani ni ghali kuliko mbuzi. Basi anafungwa, na wengi hupenda kumfunga mguu wa mbele, kwa sababu shingoni anaweza kujinyonga. Kamba yenyewe mara nyingi ni ya nailoni, au uzi uliofumuliwa kutoka kwenye gunia la plastiki na kusokotwa. Mtazame mtoto wa mbuzi aliyefungwa hivyo akiwa na miezi miwili, kisha mrudie akiwa na minne. Fundo ni lile lile, mguu si ule ule. Pale kamba inapokaa, manyoya yamekwisha na ngozi inang'aa. Ukipitisha kidole unahisi mfereji. Chini ya mfereji mguu umevimba na una joto, juu yake msuli umesinyaa. Mvua ya usiku imeikaza nailoni iliyochanganyika na matope, na kila anaporuka kuwafuata wenzake kamba inamvuta kwa ghafla mahali palepale, juu kidogo ya kile wafugaji wanachokiita goti la mbele, ambapo tabaka la ukuaji limelala.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwapoteza hata wazoefu. Mguu uliopinda unaweza usiwe ule wenye kidonda. Mnyama mchanga akiumwa mguu mmoja humwaga uzito wake wote kwenye wa pili, wiki nenda wiki rudi, na ule wa pili, mzima kabisa, hukunjika kwa mzigo. Kwa watoto wa farasi hili linajulikana sana: wanatibiwa mguu wa kulia, unaharibika wa kushoto. Kwa hiyo mtu anayekuletea mbuzi na kukuonyesha mguu uliopinda, wewe uanze kwa kuushika ule ulionyooka.

Dawa ya kamba ni ya bei nafuu kiasi kwamba naona aibu kuiandika: ukanda mpana shingoni usioweza kujikaza, wenye pete inayozunguka, na kigingi kilichopigwa mbali na mti au ukuta ambako mnyama angeweza kujiviringisha.

Sasa tuseme ni yote miwili. Hapo kitu cha kwanza cha kutazama ni sahani.

Mbwa wa mitaa ya wachimbaji hulishwa bukari, yaani ugali wa mahindi. Asubuhi kiporo cha bukari, jioni bukari ya moto yenye mchuzi kidogo. Unga wa mahindi una kalsiamu chache mno, na fosforasi yake nyingi imefungwa katika umbo ambalo tumbo la mbwa haliwezi kulifungua vizuri. Damu isipopata kalsiamu kutoka tumboni, mwili huichota mifupani, na kitoto kinachokua huku kinatolewa mifupa yake kidogo kidogo hakina namna ila kupata matege. Ushike kifundo cha mguu wa mbele kwa vidole viwili: utahisi uvimbe mgumu pande zote mbili, na hautaki kuguswa. Matege ya kulia na ya kushoto yanafanana, na ndugu waliozaliwa tumbo moja huwa nayo pia.

Wenye nyumba hushangaa, kwani Katanga jua si la kutafuta. Jua linamsaidia mbuzi. Mbwa halimsaidii. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 1994 kwamba ngozi ya mbwa na paka haitengenezi vitamini D ya kutosha hata ikiangaziwa. Ni lazima waile. Chanzo kipo kwenye duka la kila mtaa: samaki wadogo wa kukausha, wapondwe wazima na vichwa vyao na miiba yao. Hapo umempa kalsiamu, fosforasi na vitamini D kwa mkupuo mmoja. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini nalo husaidia upande wa kalsiamu.

Na msidhani matege ni ya maskini peke yao. Utrecht hiyohiyo, mwaka 1985, Herman Hazewinkel alilisha vitoto vya mbwa wakubwa aina ya Great Dane kalsiamu mara tatu ya kiwango cha kawaida. Mifupa yao ilivurugika, na baadhi walipinda miguu ya mbele. Mbwa mkubwa mchanga hana uwezo wa kukataa kalsiamu ya ziada tumboni mwake. Kwa hiyo yule mbwa wa kulinda geti la kampuni, anayekula chakula cha mfuko kilichokamilika na bado akamwagiwa unga wa kalsiamu juu yake kwa mapenzi, anaweza kuchechemea jirani na mbwa wa bukari, kwa sababu zilizo kinyume kabisa.

Kwa mbuzi na ng'ombe tatizo la chakula lina sura ya udongo. Sehemu kubwa ya nyanda za Katanga ni udongo mkongwe, uliooshwa na mvua za miaka isiyohesabika, wenye asidi na fosforasi kidogo, na majani yaotayo juu yake hayawezi kutoa kisichokuwepo. Mnyama mwenye njaa ya fosforasi hujitangaza mwenyewe: hutafuna mifupa. Arnold Theiler alilieleza jambo hili huko Afrika Kusini katika miaka ya 1920, alipogundua kwamba ng'ombe waliokuwa wakifa kwa kupooza walipata sumu kwenye mizoga waliyoitafuna, na waliitafuna kwa sababu malisho yao yalikosa fosforasi. Ukiona mbuzi wako na mfupa mdomoni, usicheke.

Yapo pia mambo ya damu, ya kurithi. Mfano mashuhuri zaidi wa miguu ya mbele iliyogoma kukua katika eneo letu la Afrika si wa mbuzi wala mbwa. Ni twiga. Desemba 2015, katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls nchini Uganda, watafiti walimpiga picha twiga dume kijana mwenye shingo ndefu kama wenzake lakini miguu iliyoonekana kukopwa kwa mnyama mwingine. Walimwita Gimli, jina la mbilikimo wa hadithi za Tolkien. Kisha, mwaka 2018, akaonekana wa pili kwenye shamba la watu binafsi Namibia, akaitwa Nigel. Michael Brown na Emma Wells walichapisha habari zao mwishoni mwa mwaka 2020. Hawakuwakamata wala kuwagusa. Walipima picha kwa kutumia umbali uliochukuliwa kwa miale ya leza, wakalinganisha mfupa kwa mfupa na twiga wengine wa rika lao. Gimli alikuwa na kimo cha takriban mita 2.8, Nigel mita 2.6, wakati twiga wazima hufika mita nne, tano. Upungufu mkubwa ulikuwa kwenye radiasi na mfupa mrefu ulio chini ya kifundo.

Mtazame Gimli kwa yale maswali yetu. Ni miguu yote. Hana alama ya tanzi, ingawa Murchison Falls ina tanzi za waya nyingi na twiga hukatwa miguu nazo. Hana njaa, kwani wenzake waliokula miti ileile wamerefuka. Kilichobaki ni hitilafu ya ukuaji wa mifupa yenyewe, ya aina inayoonekana kwa mbwa, ng'ombe na nguruwe waliozalishwa ndugu kwa ndugu, na ambayo kwa wanyama wa porini ni nadra mno. Kwa mfugaji wa Kakanda, fundisho la Gimli liko kwenye zizi: beberu mmoja anayepanda mtaa mzima, kisha akawapanda binti zake, hutengeneza bahati mbaya hiyo kwa mikono ya binadamu.

Waliozaliwa wamekunjika ni kundi la peke yake na sitawakawiza. Baadhi ni pacha waliobanana tumboni, kano zimekuwa fupi, wanakanyagia sehemu ya mbele ya kifundo. Wakitembezwa na kunyooshwa miguu kwa upole kutwa mara kadhaa, baadhi hunyooka ndani ya siku chache. Asiyenyooka hufungwa banzi. Bomba la plastiki la maji likipasuliwa katikati, kingo zikalainishwa motoni na pamba nyingi ikawekwa ndani, hufanya banzi zuri, mradi lifunguliwe na kukaguliwa kila siku, maana ngozi ya mtoto wa mbuzi huoza haraka. Wale ambao viungo vimeganda kabisa, hasa wakizaliwa wengi msimu mmoja, wanaweza kuwa na chanzo kama virusi vya Akabane, vinavyoenezwa na visubi vidogo vya kuuma na kumfikia mtoto akiwa bado tumboni. Virusi hivyo viligunduliwa Japani mwaka 1959, lakini kingamwili zake zimeonekana kwa wanyama katika nchi nyingi za Afrika.

Baada ya kuondoa kamba, pikipiki, bukari, udongo, beberu na visubi, ndipo tunaweza kurudi mgodini tukiwa na macho makavu. Na mgodi hautoki mikono mitupu.

Mnyama mchanga anahitaji shaba ili kufuma gegedu na mfupa imara. Akiikosa, matabaka ya ukuaji huvimba na miguu hupinda. Mtu atauliza, shaba ikosekane Katanga? Inaweza. Zinki ikizidi kwenye majani, huziba njia ya shaba tumboni. Molibdeni na salfa zikikutana kwenye tumbo la mcheuaji, huifunga shaba isitumike. Mnyama anaweza kulala juu ya mwamba wa kijani na mwili wake ukawa na njaa ya shaba. Mwaka 1982 madaktari wa mifugo wa Pennsylvania, Marekani, walieleza farasi wachanga waliolelewa karibu na kiwanda cha kuyeyusha zinki huko Palmerton: gegedu za viungo vyao zilikuwa zimeharibika mwili mzima, na mazingira yalikuwa yamejaa zinki na kadimi. Katanga ina zinki nyingi pia. Mgodi wa Kipushi, unaopakana na Zambia, ni mashuhuri duniani kwa madini hayo. Na viwanda vya ukanda wa Likasi vimetumia asidi ya salfa kwa vizazi.

Upande wa binadamu watafiti hawakulala. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga vilivyoonyesha kobalti nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda, na watoto ndio waliozidi. Mwaka 2020 kundi hilo lilichapisha uchunguzi wa watoto wachanga wa Lubumbashi waliozaliwa na kasoro za maumbile. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: watoto wa wanaume wenye kazi za madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Hayo si maneno ya kijiweni. Ni ushahidi, na ulipatikana kwa sababu mtu alikaa hospitalini akaandika kila kesi, mtoto mwenye kasoro na mtoto mzima, akawalinganisha.

Mbuzi hana wodi ya wazazi. Mtoto wa mbuzi mwenye mguu uliopinda hahesabiwi popote. Ananenepeshwa kadiri inavyowezekana na kuchinjwa Noeli au Bonane, yaani Mwaka Mpya, na pamoja naye ushahidi unaliwa. Simlaumu mtu. Nani atalipia eksirei ya mnyama ambaye kesho ni kitoweo? Mbwa naye, kama mwenyewe ana uwezo, angeweza kukatwa kipande cha alna mapema, kabla radiasi haijaacha kukua, na mguu ukajinyoosha wenyewe kwa kiasi kikubwa; akicheleweshwa mpaka mwaka mmoja, inabaki kuuvunja mfupa kwa mpango na kuupanga upya, kazi ya msumeno na vyuma. Hiyo si huduma ya kupatikana Kakanda.

Kinachopatikana ni daftari na simu ya mkononi. Piga picha ya mnyama akisimama, kwa mbele na kwa ubavu, pembeni yake ukiweka kijiti chenye urefu unaojulikana. Andika umri, miguu mingapi, anakunywa wapi, anafungwa vipi, mama yake ni yupi, na wangapi wengine zizini wako hivyo. Wakitokea kadhaa, wa mama tofauti, miguu yote miwili, msimu mmoja, kisima kimoja, hapo pana jambo la kuwapelekea watu wa kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na mnyama akichinjwa, mguu peke yake hautoshi. Shaba hutunzwa kwenye ini. Kipande cha ini chenye ukubwa wa kidole gumba, kwenye mfuko safi, ndani ya barafu, kinaweza kusafiri zile kilomita 120 hivi za kutoka Likasi hadi Lubumbashi bila kuharibika. Ini na figo zilizobaki za mnyama wa namna hiyo zifukiwe, kwa kuwa kadimi na risasi hujikusanya humo, hata kama wajukuu wamezikodolea macho tangu asubuhi.